Pua Moja ya Domitille Wawili

Shangazi Domitille hakubisha hodi. Alisukuma mlango kwa goti, maana mikono ilikuwa imejaa: mkono huu kapu la majani ya mkaratusi, mkono ule mto wake wa kulalia, na mgongoni alikuwa amefunga blanketi zito mahali wanawake wengine hubeba mtoto. Kutoka Nyantende mpaka Cimpunda, kule juu kwenye mlima, mvua ya Novemba ikinyemelea, mwanamke wa umri ule anabeba mto wake mwenyewe! Mtu akija na mto wake, ujue hakuja kunywa chai na kuondoka.

"Banasema pua yangu imeziba," akasema. "Nimekuya."

Mélanie alikuwa amekaa kwenye kigoda, mtoto kifuani.

"Karibu, Shangazi. Pua yenye imeziba ni ya mutoto."

"Na mutoto ni nani?"

Hapo ndipo ugomvi wote ulipokaa, kwa hiyo acha niueleze mara moja. Kwa watu hawa, ukimpa mtoto jina la mtu aliye hai, hujampa jina tu. Yule mtu anakuwa majina wake, na wawili hao wanahesabika mtu mmoja. Majina mkubwa akija anamletea mwenziwe nguo na sabuni, anamwita "mimi", na baba ya mtoto anamwamkia yule mchanga kwa heshima ileile anayompa mkubwa. Ni jambo zuri na linachekesha watu, mradi majina awe na akili za kawaida. Shangazi Domitille ni dada ya baba yake Ignace, mume wa Mélanie, na ndiye aliyemlea Ignace baada ya wazazi wake kufa. Ignace alipopata binti hakumwuliza mkewe. Mélanie alikuwa amechagua Gloire, tena alikuwa amemwita hivyo tumboni miezi yote ile. Alipozinduka usingizini kule alikozalia, ukoo mzima ulikuwa umezunguka kitanda unasema Domitille, Domitille.

Tangu siku hiyo Mélanie hakuwa na mtoto wa peke yake. Akimkemea kwa kuuma titi, Shangazi anasema ametukanwa. Akichelewa kumbadilisha, Shangazi anasema ameachwa kwenye mkojo. Na Ignace, mwanamume mzima, karani wa parokia, alikuwa akimwinamia mtoto wa miezi miwili na kumwuliza, "Shangazi, umelala muzuri?" Mélanie alitamani kumchapa na mwiko.

Sasa yakaja mafua. Mtoto alikuwa akishika titi, anavuta mara mbili tatu, pua inagoma, anaachia kwa hasira, analia, anarudi tena. Akilala anakoroma kama mlevi. Mélanie alimkimbiza kwenye kituo cha afya, na munganga wa pale akamsikiliza kifua, akasema mapafu ni safi, shida ni pua tu. Akamwonyesha kazi: matone ya maji ya chumvi, yale ya vichupa vya famasi, kila tundu la pua, ngoja kidogo, vuta makamasi kwa kampira, halafu nyonyesha mara nyingi, kidogo kidogo, mtoto ameinuliwa kichwa. Wakati wa kulala, alale chali, kwenye kitanda chake, godoro gumu, bila mto, bila kitu cha kumfunika uso. Hewa safi. Moto wa makala, yaani makaa, ule wa jiko wanaloliita mbabula, usiingie kabisa anapolala. "Ukiona mbavu zinaingia ndani akipumua, ao anakataa titi kabisa, ao midomo inabadilika rangi, usiulize mutu. Kimbia hapa," alisema. Mélanie hakusoma sana, anauza maharagwe na unga kwenye soko la Kadutu, lakini maneno yale aliyashika yote kwa sababu alikuwa ameogopa sana.

Basi siku ile alikuwa amekwisha kuzibua pua, mtoto amenyonya vizuri, amekaa wima begani mpaka usingizi ukamchukua. Mélanie akamlaza chali kwenye kitanda chake kidogo cha mbao pale sebuleni, juu ya shuka moja iliyonyooshwa. Shangazi akasogea, akachungulia, akakunja uso.

"Juu ya nini munanilaza chali? Niko maiti?"

"Munganga alisema hivi, Shangazi."

"Munganga ananijua tangu wakati gani? Mimi, tangu mama yangu alinizala, ninalalaka na tumbo. Muto chini ya kichwa. Blanketi mpaka hapa." Akajigusa juu ya nyusi. "Na mvua ikikuya, pua ikiziba, naingiza mbabula ndani ya chumba, naweka mkaratusi juu ya makala, nafunga mulango na dirisha, nalala. Pua ya Domitille inafungukaka vile. Haijue njia ingine."

Na hapa ndipo kosa lilipo, na mtu asiyelelewa katika mambo haya hangeweza kulifanya. Msidhani Shangazi alikuwa akimletea mtoto dawa za wazee. Hakuwa akimtibu mtoto hata kidogo. Alikuwa akijitibu mwenyewe. Kilichomponyesha yeye miaka yote, kule kwenye nyumba yake ya udongo ambamo upepo unaingia kila upande na kutoka unapotaka, kingemponyesha na huyu, maana huyu ni yeye. Hesabu yake ilikuwa imenyooka kabisa. Lakini chumba cha Ignace ni cha mbao, na mwaka ule Ignace alikuwa ameziba nyufa zote za kuta kwa makatoni na turubai kwa ajili ya baridi.

"Weye uko mutu muzima," Mélanie akasema. "Muto ukikuziba unageuka. Blanketi ikikufunika unaitoa. Yeye hawezi."

"Yeye nani?"

Mélanie akamgeukia mumewe. Ignace alikuwa amesimama kando ya ukuta muda wote huo, akiangalia viatu vyake.

"Penye wazee haliharibiki neno," Ignace akasema, taratibu, kama mtu anayepita kwenye matope na suruali ya Jumapili. "Tungejaribu kidogo tu."

"Jaribu na pua yako."

"Umesikia anavyomuongelesha Ignace wangu?" Shangazi akamwambia mtoto aliyelala. "Umesikia, Domitille?"

Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shangazi hakungoja hata siku ya pili. Alipanga mto wake juu ya kitanda kikubwa cha Ignace na Mélanie, akatundika nguo yake kwenye msumari, akauliza chumvi iko wapi, na akaionja mboga iliyokuwa jikoni akasema haina kitu. Mélanie alivumilia. Alikuwa akimchukia tangu zamani, lakini chuki ya zamani mtu anaizoea, anaibeba huku akipika.

Kilichomtoa nyumbani ni matone. Kichupa cha mwisho kilikuwa kimeisha, na pua ya mtoto ilikuwa imeanza kukoroma tena. Famasi haiko mbali, ni kushuka tu na kupanda.

"Usimutoe kwenye kitanda chake," akamwambia Ignace. "Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Na alimsikia kweli. Ignace anasikia kila mtu. Shida yake ni kwamba anamtii yule aliyezungumza mwisho.

Mvua ilimkuta Mélanie njiani anarudi. Alipokanyaga kiwanja cha nyumba, akanusa mkaratusi. Aliingia bila kuvua viatu. Kitanda kidogo kilikuwa kitupu. Ignace alikuwa amekaa sebuleni peke yake, na alipomwona mkewe akasimama haraka, jambo ambalo mtu asiye na hatia halifanyi.

Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Mélanie akausukuma. Dirisha lilikuwa limesokomezewa kitambaa. Mbabula ilikuwa pembeni, makala mekundu, majani yanafuka juu yake. Shangazi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda ameridhika, na kando yake, juu ya mto wa Nyantende, mtoto alikuwa amelazwa kifudifudi, uso umezama, blanketi limepanda mpaka kwenye nywele.

"Polepole," Shangazi akanong'ona. "Nimepata usingizi. Unasikia? Sikorome tena."

Mélanie alimnyakua. Mtoto alikuwa mwekundu, ameloa jasho, na kwa muda mfupi alining'inia mikononi mwa mama yake kama nguo iliyotoka majini. Mélanie akakimbia naye mpaka barazani, kwenye upepo, akamfungua nguo za juu, akamwita. Mtoto akakohoa. Halafu akalia, kilio kikali cha hasira, na Mélanie akalia naye. Akamwangalia midomo: mizuri. Akamwangalia mbavu: hazikuvutwa. Akatia matone, akangoja, akavuta kwa kampira, mtoto akapiga chafya, akatafuta titi, akalishika. Akanyonya kwa nguvu.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni anamtazama.

"Umenishika kwa mikono mubaya," akasema. "Nilikuwa nimelala."

"Ulikuwa unamuua."

"Mutu anajiua kwa kujilaza?"

"Ulikuwa unamuua mutoto wangu, mwanamuke weye!"

Majirani walisikia, na mimi siwezi kuwalaumu kwa kutega sikio. Ignace akaja mbio, akasimama katikati na viganja vimeinuliwa, anasema basi, basi, watu wanasikia. Shangazi hakupandisha sauti. Alisema kwa utulivu kwamba sasa ameona jinsi anavyotunzwa katika nyumba hii, ya kuwa anaachwa na pua imeziba, ananyang'anywa usingizi, anavuliwa nguo kwenye mvua. Kwa hiyo atabaki hapa mpaka mvua zote ziishe. Na tangu leo mtoto atalala naye, kitanda kimoja, mto mmoja. Mélanie atampata wakati wa kunyonyesha.

"Ignace," Mélanie akasema. "Sema kitu."

"Ni majina wake," Ignace akajibu, na macho yake yalikuwa yanaomba radhi kwa wote wawili. "Nitamukataza na mudomo gani? Alinilea."

Mélanie akaelewa hapo kwamba yuko peke yake. Angeweza kulinda mchana huu. Lakini siku moja atakwenda kuchota maji, siku moja atarudi sokoni, siku moja atasinzia tu kama binadamu, na atakapofumbua macho mtoto atakuwa kwenye ule mto. Hasira yake, iliyokuwa ikichemka, ikatulia. Ikawa baridi. Akamgeukia Shangazi.

"Weye na mutoto muko mutu moja?" akauliza.

"Ni vile."

"Dawa yenye inamufaa moja inamufaa na mwingine?"

"Sasa umeanza kuelewa."

"Basi ingia weye. Mbabula iko tayari. Lala na tumbo, jifunike mpaka pale unafunikaka, mimi nafunga mulango. Ukitoka muzima, na pua wazi, nakupa mutoto na sifungue tena mudomo. Lakini ukitoka mbio, mutoto ninamulaza mimi, vile ninajua mimi, na hakuna mutu ananiuliza."

Shangazi akacheka. Alicheka kwa furaha kabisa, kwa sababu mchana ule alikuwa amepanda mlima na alikuwa na usingizi.

"Kama ilikuwa ni hii tu, ungesema mbele," akasema. Akaongeza makala mbili kwenye mbabula, akapanda kitandani, akajilaza kifudifudi, akavuta blanketi. Mélanie akafunga mlango.

Ignace alifurahi. Aliona ni mchezo, na kwamba wanawake wameanza kutaniana. Akaitoa redio yake, akakaa barazani anasikiliza habari, mvua ikamshinda, akaweka sikio karibu.

Mélanie alikaa sebuleni, mtoto wima kifuani mwake, kichwa begani. Alipumua vizuri sasa, pua wazi. Mvua ilipiga bati, na nyuma ya mlango wa mbao Shangazi alianza kukoroma, mkoromo mzito wa ushindi. Mélanie akausikiliza.

Tuseme ukweli: alijua. Munganga alimweleza kuhusu makala, na hakuhitaji hata kuelezwa, maana mwaka uliopita, mtaa wa chini, walimtoa mlinzi mmoja amekufa kwenye kibanda chake, mbabula miguuni. Mélanie alikwenda kwenye kilio chake. Alijua makala hufanya nini kwenye chumba kilichozibwa, na alimwacha mwanamke mzee aingie. Alitaka aumwe kichwa. Kichwa tu, na atapike kidogo, atoke anayumba, aone. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na nadhani mara ya kwanza ilikuwa kweli.

Mkoromo ukabadilika, ukawa wa kukatika. Halafu ukanyamaza.

Mélanie akainua kichwa. Mvua. Redio ya Ignace. Kisha ndani ya chumba kitu kizito kikaanguka kwenye sementi.

Akasimama. Akamlaza mtoto chali kwenye kitanda chake kidogo pale sebuleni, akaenda mpaka kwenye mlango, akashika kitasa. Hapo akasimama. Mkono ulikuwa juu ya kitasa na haukusukuma. Aliona nyumba bila mto ule. Aliona kitanda chake mwenyewe, mtoto wake mwenyewe, na hakuna mtu wa kumwuliza amemlaza vipi. Alisimama kwa muda wa Salamu Maria moja, na hakuwa akisali.

Ndipo akafungua.

Shangazi alikuwa chini, kati ya kitanda na mlango, shavu kwenye sementi, macho wazi. Alipumua. Miguu ilikuwa imefungwa na blanketi, na mdomo ulikuwa unajaribu neno.

"Ignace! Kuya umukamate miguu!"

Wakamvuta mpaka barazani, kwenye upepo na mvua ya pembeni. Mélanie akamwinua, akamwegemeza kifuani mwake asije akapaliwa, na Shangazi akatapika juu ya mikono yao wote wawili. Uso ulikuwa wa majivu. Ignace alikuwa akizunguka anasema Yesu, Yesu, mpaka Mélanie alipomwambia atoe mbabula nje, afungue dirisha na mlango, ahamishe kitanda cha mtoto kukaribia baraza, halafu aende kutafuta moto, pikipiki ya abiria, ya kumpeleka Shangazi kituo cha afya sasa hivi. Ignace akafanya yote, mbio, kama ilivyoagizwa. Yeye akiagizwa ni mtu mzuri sana. Akapotea kwenye mvua bila koti.

Wakabaki wawili, mmoja ndani ya mikono ya mwingine. Shangazi alikuwa mwepesi kuliko Mélanie alivyodhania.

"Nilitaka kuita," Shangazi akasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Kinywa kilikatala."

"Nyamaza. Pumua."

"Nilianguka. Uso ulikuwa chini, kwa mulango. Pale chini mwangaza unapitaka." Akapumua. "Niliona miguu yako."

Mélanie akamfuta mdomo kwa pembe ya kitenge.

"Ilikuya. Nikasema ndani ya roho, Mungu, ameshasikia, anafungua." Akageuza kichwa polepole mpaka akamwona usoni. "Ikasimama, Mélanie."

Kulikuwa na mambo ya kusema. Kwamba kitasa kilikuwa kigumu. Kwamba alikuwa akimlaza mtoto kwanza. Kwamba weye mwenyewe ulimfanyia hivyo mtoto asiyeweza hata kujiangusha kutoka kitandani. Yote yalimfikia mdomoni, na la mwisho lilikuwa la haki kabisa.

"Ilisimama," akasema.

Shangazi akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka Mélanie akaogopa, akamtikisa.

"Mutoto mulaze weye," Shangazi akasema bila kuyafumbua. "Mimi simuguse tena. Kila mutu na pua yake."

Pikipiki ikasikika inapanda. Ignace akashuka ameloa chapachapa, akawakuta wanawake wake wawili wameshikana vile, kichwa cha mmoja kwenye shingo ya mwingine, na uso wake ukafunguka.

"Munaona sasa?" akasema, na machozi yakamtoka kweli. "Nilijua tu, siku moja mutajuana."

"Eeh," Shangazi akasema. "Tumejuana."

Wakampandisha kwenye moto, katikati ya dereva na Ignace, amefungwa kwa kitenge asianguke. Hakugeuka nyuma. Mélanie akarudi ndani, akanawa mikono, akanawa tena. Pua ya mtoto ilikuwa imeanza tena kuziba, akatia matone, akangoja, akavuta, akamnyonyesha, akamweka begani. Halafu akamlaza chali, peke yake, juu ya shuka iliyonyooka. Hakukuwa na mtu wa kumwuliza. Mtoto alilala mdomo umefungwa, kifua kinapanda na kushuka vizuri. Mélanie akakaa chini kwenye sementi kando ya kitanda, akavuta kitenge chake, akaifunika miguu yake.